Reli za ubavuni na marshipiye kwa gari la jipu la Goma: chuma kinachobeba mtu na chuma kinachobeba gari

Lava ya Nyiragongo ilishuka mlimani Januari 1977, Januari 2002 na tena Mei 2021, na ile ya 2002 ilikata mji wa Goma katikati hadi ikaingia ziwa Kivu. Barabara kuu zilifunguliwa upya na nyingine zikawekwa lami, lakini ukiacha lami ukaingia avenyu za ndani, bado unaendesha juu ya mawe yale yale. Jiwe la lava lina meno. Likikosa taili na difu, linapata sehemu iliyo laini kuliko zote ubavuni mwa gari: ule ukingo wa bati chini ya milango, ambao hapa nitauita kizingiti. Kizingiti kikibonyea, mlango haufungi vizuri, rangi inapasuka, maji yanaingia na kutu inaanza kula kutoka ndani. Tena hakifunguliwi kwa bolti kikabadilishwa kama pare-shok (bampa), kwa sababu ni sehemu ya bodi yenyewe. Kinakatwa na kuchomelewa upya.

Ndiyo maana wenye magari ya jipu wengi hapa wanataka chuma ubavuni. Shida inaanzia kwenye kununua. Mtu anaona bomba linalong'aa, anaona pana mahali pa kukanyaga, anaamini gari limelindwa. Kabla ya kutoa pesa uliza swali moja tu: chuma hiki kilitengenezwa kubeba mtu, au kubeba gari? Kilichopimwa kwa mtu wa kilo 80 hakiwezi kusimama chini ya ubavu wa Land Cruiser iliyojaa watu na magunia, ambayo uzito wake wote unakaribia tani 3.

Hatua ya kwanza: tofautisha vyuma vitatu

Cha kwanza ni marshipiye ya kawaida. Ni bomba jembamba au ubao wa alumini unaoning'inia chini ya milango kwa vishikio vidogo. Kazi yake ni kupanda na kushuka, pia inazuia matope yasiruke kwenye milango. Kwenye jiwe kubwa haikusaidii. Mara nyingi inaongeza hasara, maana ikisukumwa juu inageuka nyundo inayogonga kizingiti ambacho ulidhani inakilinda.

Cha pili ni reli ya ubavuni yenyewe. Hii imefungwa kwenye shasi kwa miguu mifupi na minene, inapita sambamba na kizingiti, na gari linaweza kuilalia na kuteleza juu ya jiwe bila bodi kuguswa. Ikitengenezwa kwa akili, mgongo wake unakuwa pia mahali pa kukanyaga.

Cha tatu ni reli ndefu inayotoka kwenye parebifle (chuma kinga cha mbele ya gari), ikazunguka nyuma ya taili ya mbele na kuungana na marshipiye. Inalinda fenda dhidi ya matawi na kingo za barabara iliyomomonyoka. Inafaa kwa anayepita vichochoro vya msitu kuelekea Walikale. Kwa anayezunguka mjini na kwenda Sake na kurudi, ni kilo zinazobebwa bure. Kama gari lako lina mifuko ya hewa, usikubali fundi akuungie reli hiyo kwenye parebifle kwa kubuni tu, kwa sababu sehemu ya mbele ya gari imepangwa kujikunja kwa namna yake wakati wa kugongana, na chuma kigumu kinachopeleka kishindo moja kwa moja nyuma kinavuruga mpango huo. Hapo nunua iliyotengenezwa kwa modeli yako, au uiache.

Hatua ya pili: lala chini ya gari lako

Tandika gunia, lala, tazama. Unatafuta mihimili miwili minene inayotoka mbele hadi nyuma, imeunganishwa na vyuma vya kukingama. Hiyo ndiyo shasi. Land Cruiser za familia ya 70 zinayo, Prado inayo, Hilux, Fortuner, Nissan Patrol ya zamani na hata Jimny ndogo zinayo. Kwenye magari hayo bodi imekaa juu ya shasi kwa mipira, na hizo mbili hazitembei pamoja kabisa: barabarani shasi inajipinda kidogo na bodi inafuata kwa kuchelewa.

Kutoka hapo inatoka kanuni ambayo mafundi wengi wanaivunja. Reli ya gari lenye shasi hufungwa kwenye shasi peke yake. Ukifunga miguu kwenye shasi halafu ukaongeza bolti mbili kwenye kizingiti "ili ishike vizuri", umefunga pamoja vitu viwili vinavyotaka kutembea kila kimoja kwa wakati wake. Baada ya muda bati la bodi linapasuka kwenye zile bolti, na mwenye gari analaumu barabara.

RAV4 na Harrier hazina mihimili hiyo. Bodi ndiyo kila kitu, na Pajero tangu 1999 nayo shasi yake imeunganishwa ndani ya bodi. Kwa magari haya sitakushauri reli ya kubeba gari iliyochomelewa mtaani. Hakuna mahali pa kuishikiza pasipoumiza bodi. Weka marshipiye ya kupandia ukijua mipaka yake, weka bamba zuri chini ya injini, na kwenye mawe makubwa mtume mtu ashuke akuelekeze. Kama kila wiki unalazimika kupita mawe makubwa, gari hilo halifai kwa njia hiyo, na chuma hakitalibadilisha.

Ukiwa bado umelala, angalia kutu kwenye shasi. Piga kwa bisibisi nzito mahali utakapofunga miguu. Shasi nzima inalia kwa sauti kavu, iliyooza inatoa sauti ya kikopo na vumbi jekundu linaanguka. Reli haifungwi kwenye shasi iliyooza.

Hatua ya tatu: nani anapanda, na gari linapita wapi

Hapa ndipo wanaume wengi wenye majipu wanapokosea, kwa sababu wanafikiria mawe tu. Fikiria mama aliyevaa kikwembe, mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Hatua yake haiwezi kuwa ndefu. Fikiria mgonjwa anayepelekwa hospitali, mzee mwenye magoti mabovu, mwanafunzi mwenye viatu vya plastiki vilivyojaa matope. Marshipiye ni yao kuliko yako wewe dereva ambaye una usukani wa kushika.

Pima kutoka chini hadi sakafu ya gari, mahali mguu unapoingia. Mahali pazuri pa kukanyaga ni karibu na nusu ya urefu huo. Kwa uzoefu wa macho, hatua ya kwanza ikizidi sentimita 45 kutoka ardhini, mama mwenye kikwembe atahitaji kushikwa mkono. Upana wa kukanyagia uwe angalau sentimita 12, na 15 ni bora. Bomba tupu la duara, hata liwe nene vipi, si mahali pa kuweka mguu wenye tope.

Lakini chuma kikishuka ili mtu apande, gari linapoteza nafasi ya kuvuka mgongo wa jiwe. Chukua Land Cruiser 78, ile ndefu yenye viti vya kutazamana: kutoka katikati ya taili ya mbele hadi katikati ya taili ya nyuma ni milimita 2,980. Tuseme chini ya tumbo, katikati ya hizo taili, una milimita 300 za nafasi. Pembe ya mgongo ambayo gari inaweza kuvuka bila kugusa inakuja takriban digrii 23. Ning'iniza marshipiye inayobaki na milimita 220 tu kutoka ardhini, pembe inashuka hadi karibu digrii 17. Sentimita 8 za chuma zimekula robo ya uwezo wako. Prado ya milango mitano ya familia za 120 na 150 ina milimita 2,790 kati ya taili, kwa hiyo inapoteza kidogo zaidi ukianzia kipimo hicho hicho. Hilux ya kabini mbili ina 3,085 na Land Cruiser 79 ina 3,180: hizo ni ndefu, tumbo linagusa mapema, nafasi kidogo uliyo nayo usiichezee.

Namna ya kupatanisha haya mawili ninayoipenda ni hii. Reli ibaki juu, usawa wa tumbo la shasi au chini yake kidogo tu, na mgongo wake uwe mpana wa kukanyaga. Kisha, kwa mlango unaotumiwa na wazee na akina mama, ning'iniza ngazi moja ndogo chini ya reli kwa vipande viwili vya mpira mnene, kama ule wa taili kuukuu, vilivyobanwa kwa bamba na bolti. Mtu anakanyaga, inambeba. Jiwe likigonga, mpira unakunjika na kurudi, chuma hakipindi. Malori mengi yana hatua ya chini ya namna hiyo hiyo, na fundi yeyote anaweza kuitengeneza.

Kwa Land Cruiser 78 kumbuka kwamba abiria wengi wanaingia kwa mlango wa nyuma. Kuna magari yenye marshipiye za fahari ubavuni ambapo hapandi mtu zaidi ya dereva na wawili wa mbele, huku nyuma watu wanane wanarukaruka. Pesa ya kwanza iende nyuma.

Upande wa njia: mawe ya mjini na ya barabara ya Sake yanataka reli nene. Vilima vya Masisi wakati wa mvua vinataka kitu kingine, yaani nafasi ya matope kupita. Bamba lililozibwa linageuka sinia la udongo, linabeba kilo nyingi na kukausha tope gumu dhidi ya kizingiti. Huko chagua sehemu ya kukanyagia yenye matundu.

Hatua ya nne: chuma chenyewe

Kwa reli ya kubeba gari, bomba la duara la milimita 48.3 kwa nje, lenye unene wa ukuta wa milimita 3.2, ni mwanzo mzuri. Ndilo linaloitwa bomba la inchi moja na nusu kwenye kenkayeri (duka la vyuma na vifaa). Kwa mhimili ulio karibu na kizingiti, bomba la mstatili la milimita 60 kwa 40, ukuta wa milimita 3, linafanya kazi nzuri na ni rahisi kuchomelea. Ukuta wa milimita 1.5 au 2 ni wa kutengenezea viti na madirisha. Likipakwa rangi nyeusi huwezi kulitofautisha kwa macho na lile la milimita 3, na hapo ndipo watu wanauziwa sura.

Njia ya kujua iko sokoni: mizani. Mwombe muuzaji kipande cha mita moja, kipime. Bomba la 48.3 lenye ukuta wa 3.2 lina uzito wa karibu kilo 3.5 kwa mita. Likiwa na ukuta wa 2, mizani itasema kilo 2.3 hivi. Tofauti hiyo hata mkono unaisikia. Kama una kaliper, pima mdomo wa bomba pale lilipokatwa kwa msumeno, si pale lilipokatwa kwa gesi, maana moto unavimbisha ukingo.

Bomba la maji lenye zinki linapatikana kirahisi na watu wengi wanalitumia. Linaweza kufaa kama ukuta wake ni mnene, ila zinki yake ikichomwa inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa na kifua kubana. Mwambie aisugue zinki yote kwa diski sentimita kadhaa kila upande wa kiungo, afanye kazi nje, upepo ukimtoka mgongoni. Si jambo la kumwachia yeye peke yake kwa kuwa "ni kazi yake". Anavuta moshi huo kwa ajili ya gari lako.

Alumini ni nyepesi, karibu theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo ule ule. Kwa marshipiye ya kupandia ni nzuri. Kwa kulalia jiwe la lava si nzuri, inachanika, na hapa si rahisi kupata wa kuichomelea vizuri. Bomba la inoksi (chuma kisichoshika kutu) linalong'aa huwa jembamba na limewekwa kwa urembo.

Piga hesabu ya uzito kabla. Kila upande: mhimili wa mita 1.8, bomba la nje la urefu huo huo, miguu minne, mabamba, na sehemu ya kukanyagia ya tole (bati nene) yenye mistari, unene wa milimita 3. Inakuja kama kilo 25. Pande mbili ni 50. Hizo kilo 50 zinatoka kwenye mzigo unaoruhusiwa kubeba, kama vile umempakia abiria mwembamba asiyeshuka kamwe.

Hatua ya tano: umbo

Gari likikata kona, taili za nyuma zinapita ndani zaidi kuliko za mbele. Dereva anakwepa jiwe kwa taili ya mbele, kisha jiwe lile lile linakuja kukutana na kizingiti nyuma, kabla tu ya taili. Kwa hiyo mwisho wa nyuma wa reli upinde kidogo kwenda nje, sentimita 8 hadi 10. Jiwe au ukingo ukifika pale unasukuma gari lote pembeni badala ya kubonyeza bodi. Watengenezaji wa bei ndogo huacha pindo hilo kwa kuwa linahitaji mashine ya kukunja mabomba. Fundi asiye na mashine hiyo anaweza kukata kwa pembe na kuchomelea, na inafanya kazi, mradi kiungo kiongezewe kibamba ndani ya kona.

Reli nzima iinuke kidogo kuelekea nje, digrii 10 hadi 20 kutoka usawa. Inakuwa karibu na bodi, na nafasi ya chini haipotei sana. Kati ya reli na kizingiti acha uwazi wa milimita 20 hivi. Uwazi huo ndio unaoruhusu chuma kunyumbuka kidogo chini ya uzito na bodi kutikisika juu ya mipira yake bila kugusana. Reli iliyobanana na bodi inapendeza machoni, na ndiyo itakayoikwangua.

Kwa upande wa nje, isitokeze kupita fenda na taili. Mji wetu ni wa pikipiki na chukudu (baiskeli za mbao za kusukumia mizigo). Kwenye msongamano motari anapita karibu na mlango wako, goti lake likiwa usawa wa reli, na chukudu iliyobeba magunia haiwezi kusimama ghafla. Bomba lenye mdomo wazi au pembe kali ni hatari kwa miguu ya watu. Ziba midomo yote kwa kofia za chuma, sugua kingo ziwe duara.

Sehemu ya kukanyagia iwe tole yenye mistari iliyotobolewa matundu, au wavu wa chuma mnene. Mipira ya kubandika hung'oka, na gundi yake ikiisha inaacha sehemu laini yenye utelezi.

Hatua ya sita: kufunga

Bolti au kuchomelea kwenye shasi? Mimi nasema bolti, karibu kila mara. Reli itagongwa, hiyo ndiyo kazi yake, na siku ikipinda utataka kuifungua, kuinyoosha na kuirudisha. Tena shasi ikichomelewa vibaya inapata ufa pembeni mwa joto, na ufa wa shasi si wa kuchezea. Anayeamua kuchomelea afanye hivi: miguu isichomelewe moja kwa moja kwenye shasi, kila mguu uwe na bamba lake la milimita 5 au 6 lenye pembe zilizoviringwa, mshono ufuate urefu wa shasi, na usikate kamwe ukingo wa chini wa mhimili kwa kukingama.

Kwa bolti, miguu mitatu kila upande inatosha gari fupi, minne kwa ndefu. Bamba moja nje ya shasi, jingine ndani, bolti zikipita juu na chini ya mhimili na kuyabana, au tumia matundu ambayo kiwanda kiliyaacha. Usitoboe matundu mapya kwenye kingo za juu na za chini za shasi, kwa kuwa ndizo zinazobeba mkazo mkubwa. Ukilazimika, toboa katikati ya ubavu wake na upake rangi ndani ya tundu. Bolti ziwe za milimita 12, zilizoandikwa 8.8 kichwani, na nati za kujifunga zenye plastiki ndani. Zikaze kwa karibu nyutoni-mita (Nm) 80. Bolti isiyo na maandishi kichwani ni ya milango ya chuma ya nyumbani.

Upande wa kulia na wa kushoto si mapacha. Upande mmoja una bomba la moshi, mwingine una tanki, au mabomba ya breki, au waya wa breki ya mkono. Fundi anayepima upande mmoja na kugeuza kipimo kwa upande wa pili atakuja kukuambia "tukate kidogo hapa", na kitakachokatwa ni mguu uliokuwa unabeba. Apime pande zote mbili. Miguu ikae mbali na bomba la moshi kwa sentimita kadhaa, na bomba la breki lisiguswe na bamba hata kidogo, kwa sababu mtikisiko utalisaga.

Waulizaji wengi wanataka kujua kama wanunue iliyotengenezwa kiwandani. Kampuni kama ARB ya Australia zinatengeneza reli na hatua kwa modeli maalumu, zinafungwa kwa bolti bila kukata kitu. Kwa Hilux mpya yenye mifuko ya hewa ya pembeni, hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Ukiagiza, toa namba kamili ya modeli, mwaka, idadi ya milango na upande wa usukani, kwa kuwa magari yenye jina moja hutofautiana chini. Kwa Land Cruiser ya familia ya 70, yenye shasi ya wazi na nene, fundi mzuri wa hapa anatengeneza reli ya kuaminika, na anaweza kuirekebisha kesho yake.

Hatua ya saba: fundi na moto wake

Omba kuona kazi aliyoifanya mwaka uliopita, si ya jana. Mshono mzuri una mawimbi madogo yaliyo sawasawa, umeingia kwenye vyuma vyote viwili, hauna matundu wala mfereji pembeni. Mshono uliosuguliwa kwa diski hadi ukawa laini kama kioo unaficha mambo, tena umepunguzwa nguvu. Mwambie mapema asisugue.

Bageti (fito za kuchomelea) za namba 6013 ni rahisi kuwasha na zinatosha kwa sehemu ya kukanyagia. Kwa miguu na mabamba, 7018 inatoa kiungo imara zaidi, ila inataka kuwa kavu, na pakiti iliyokaa wazi msimu mzima wa mvua haifai. Umeme ukiwa dhaifu jioni, watu wote wakipika, mshono unakaa juu ya chuma bila kuingia. Afadhali mguu uchomelewe kesho asubuhi.

Kama kuna kuchomelea chochote gari likiwa karibu, toa waya za betri, zote mbili. Waya wa mashine wa kurudisha umeme ushikwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, usipitie difu wala beringi. Tanki la mafuta lifunikwe au lishushwe, na pawepo kizima moto na ndoo ya mchanga, siyo ahadi ya kwenda kuvitafuta.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya rangi

Usilipe bado. Weka mawe nyuma na mbele ya taili za upande wa pili, hakikisha hakuna mtu chini ya gari. Pima uwazi kati ya reli na kizingiti mahali patatu, andika. Weka kriki (jeki) katikati ya reli na uinue taratibu hadi taili moja ya upande huo iache ardhi. Sasa fungua milango na uifunge. Inapaswa kufunguka kama kawaida. Pima uwazi tena: unaweza kupungua kidogo, lakini reli isiguse bodi. Shusha, pima mara ya tatu. Vipimo vikirudi vilivyokuwa, chuma kilinyumbuka na kurudi. Visiporudi, kimepinda au mguu umeteleza, na hiyo si reli ya kubeba gari hata ikiwa nzuri namna gani. Fundi anayekataa jaribio hili amekujibu.

Kama unatumia ile kriki ndefu ya shambani, kumbuka ulimi wake unateleza kwenye bomba la duara. Chomelea vizuizi viwili vidogo chini ya reli kila mahali utakapoinulia.

Hatua ya tisa: rangi, matope, bolti

Gesi ya Nyiragongo inachanganyika na mvua na kuifanya kali, na wanaokaa upande wa magharibi ambako upepo huipeleka mara nyingi wanajua inavyokula mabati. Chuma cha reli kinahitaji kusafishwa hadi king'ae, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya juu. Usitumie rangi ngumu na nene ya kuficha: ikipasuka inaficha kutu chini yake. Rangi ya kawaida unayoweza kupaka tena mwenyewe kwa brashi kila jiwe linapoikwangua ni bora. Toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya kila bomba, maji yatoke, kwa sababu bomba huoza kutoka ndani.

Ukisha kaza bolti, chora mstari wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati hadi kwenye bamba. Nati ikilegea mstari unakatika, nawe unaona kwa tochi bila spana. Zikaze tena baada ya kilomita 500 au baada ya safari mbaya ya kwanza, lolote litakalotangulia, kisha kila unapobadilisha mafuta ya injini. Ukirudi kutoka Masisi, elekeza maji kati ya reli na kizingiti kabla ya kuosha milango.